Kuni za Miti Iliyojifia

Singida Mjini
9 Februari 1994

Babu yangu Urbano,

Shikamoo. Na kwa bibi shikamoo. Mimi mzima, ila vumbi la Mwankoko, nilikopanga chumba, limenipa kikohozi kisichotaka kuaga. Baba alipita hapa wiki iliyopita akienda mnadani Ikungi, akasema jino lako la mbele lililobaki nalo limeondoka. Pole sana. Sasa utatukana kwa herufi gani?

Babu, nakuandikia kwa jambo la kazi. Unajua niko ofisi ya ugavi ya mkoa. Sisi ndio tunaozinunulia shule za serikali kila kitu, kuanzia chaki mpaka kuni. Zamani kuni wanafunzi walikata wenyewe. Siku hizi ni zabuni: wenye malori wanaandika bei zao, wa bei ya chini anapewa kazi. Mwaka jana nilizunguka shule zetu nne za bweni nikaangalia milundo ya kuni. Karibu zote mbichi. Miti michanga, mingine mninga ambao ungekuja kuwa mbao. Bei iko chini kwa sababu mti wa porini haudai chochote. Nilisimama pale nikaona aibu, maana hati zote za manunuzi zina sahihi yangu.

Basi nimepeleka neno kwenye kamati ya zabuni, kwamba kuanzia Aprili tununue kuni za miti iliyojifia tu. Mti uliokufa wenyewe, uwe umesimama au umelala. Lori likileta mbichi, linageuza. Bwana misitu wetu, Bwana Kefa, alicheka. Alisema tangu aanze kazi hajaona serikali ikiuliza kuni zake zimetoka wapi. Lakini hakupinga.

Tatizo langu ni kwamba mimi ni mtu wa stoo, kuni sizijui. Nitaandikaje sharti nisiloweza kulikagua? Wewe uliikatia reli kuni miaka kumi na moja, enzi gari moshi linakula kuni. Niambie, mtu atajuaje kwamba mti huu ulijifia?

Mjukuu wako,
Yunisi Festo


Kambi Tisa, Itigi
27 Februari 1994

Kwa mke wangu mdogo Yunisi, ofisa wa chaki na kuni,

Marahaba. Mke mwenzako amekataa kuitikia shikamoo yako mpaka aone khanga. Sisi ni wazima wa kuzeeka. Jino limeondoka kweli, na sasa natukana kwa herufi zote, maana hakuna tena kinachozuia upepo. Katekista alikuja kunieleza habari za mwisho wa dunia, nikamwuliza kama itaisha kabla au baada ya yeye kunirudishia jembe langu. Hajarudi, yeye wala jembe. Ng'ombe mwekundu kazaa dume. Mvua imenyesha upande wa kusini wa reli, upande wetu tunaisikia harufu tu.

Barua yako nimeisoma kwa macho yangu mwenyewe siku tatu. Darasa la tatu la misheni si kitu cha kuchezea. Siku ya kwanza nilielewa salamu, ya pili nikaelewa kuwa serikali inataka kuuliza kuni zake zimekufaje, ya tatu nikacheka mpaka bibi yako akaniletea maji. Nimeishi na serikali tatu, ya Mwingereza, ya ujamaa na hii ya ruksa. Zote zilinielekeza namna ya kulima na namna ya kuoga. Hakuna iliyowahi kuniuliza jambo. Halafu inayoniuliza ni wewe uliyekuwa unanikojolea mgongoni.

Sasa sikiliza. Mti uliojifia, gome lake linaachia lenyewe, hulibembelezi. Ugonge kwa mgongo wa panga: mkavu unajibu kama mlango uliobishwa hodi, mbichi unasema bu, kama tumbo la diwani. Chini ya gome utakuta unga, hiyo ni kazi ya mdudu, na mdudu haingii nyumba yenye maji. Ukiunusa haunuki kitu. Mbichi hata ukiuanika mwezi mzima, katikati unabaki na harufu yake, na ukiutia motoni unatoa povu na kulia. Mlama ndio unaodanganya, unakauka nje ndani ungali hai, kwa hiyo huo upasue.

Kuna na jambo jingine, ila hilo halionekani kwenye lori, na karatasi imefika mwisho.

Mume wako wa bure,
Urbano


Singida Mjini
5 Aprili 1994

Babu mpendwa,

Shikamoo nyingi. Khanga ya bibi ipo, nampa baba akija. Kikohozi kimepungua. Mama ameandika kutoka Manyoni kwamba mdogo wangu wa mwisho sasa yuko darasa la tano, na kwamba anakufuata kwa mdomo, walimu wamechoka.

Sharti limepita. Niliwasomea kamati barua yako, sehemu ya kuni, na waliposikia habari ya tumbo la diwani diwani mmoja alicheka kuliko wote. Wamekubali kwa majaribio ya mwaka huu. Kila lori litakuja na karatasi iliyosainiwa na mzee wa kijiji anayejua kuni, aliyechaguliwa na wenzake, kuthibitisha kuwa miti ilijifia. Juzi niliona muhtasari wa kijiji chenu. Wamekuchagua wewe.

Babu, hapo nilinyamaza. Hakuna mtu ofisini anayejua kuwa Urbano wa Kambi Tisa ni babu yangu. Nilijiambia kwamba Urbano wapo wengi, na kwamba sijakuchagua mimi. Lakini ningesema. Tafadhali isiwe sababu ya mimi kujuta.

Uliandika kuna jambo jingine lisiloonekana kwenye lori. Ni lipi? Nataka niliweke kwenye sharti.

Wako,
Yunisi


Kambi Tisa
29 Mei 1994

Mke mdogo,

Marahaba. Usihesabu siku, barua yako ililala kwa stesheni masta wiki tatu kwa sababu aliiwekea kikombe cha chai juu yake akaisahau. Khanga imefika. Bibi yako ameisoma maandishi yake akasema haimhusu yeye, inamhusu mimi, akaivaa maandishi yakinielekea siku nzima. Mvua zimekatika mapema. Mtama wa baba yako upo kifuani, wa kwangu unanifika gotini, na mimi si mrefu.

Kazi ya ukaguzi naifanya. Wamenipa kiti na meza chini ya paa la godauni la reli, nakaa kama hakimu. Zabuni ya upande wetu amepata Gasto, yule kijana wa Itigi mwenye Isuzu la bluu. Ni mtu wa watu. Anasalimia wazee akiwa nje ya lori, hapigi honi. Nagonga kuni zake kwa panga, napasua, nanusa, natia sahihi. Sahihi yangu imekuwa nzuri sana. Nimeongeza mkia kwenye herufi ya mwisho.

Na baridi ya mwaka huu hainipati. Nina koti la mtumba, zito, la nchi ambayo jua halijafika. Bibi yako anasema nafanana na mchungaji aliyefukuzwa kanisani.

Ulichouliza nimekisahau. Nikikumbuka nitaandika.

Urbano, Mkaguzi


Singida Mjini
16 Agosti 1994

Babu,

Shikamoo. Habari za baridi? Hapa upepo umeng'oa bati la jirani. Mimi mzima. Baba anasema goti la bibi linamsumbua, nimetuma dawa ya kuchua.

Mambo yanakwenda vizuri kiasi kwamba naogopa. Wakuu wa shule wanasema kuni zinawaka bila moshi na wapishi hawalii tena. Mkoa wa jirani wameomba nakala ya sharti letu. Mwezi wa kumi na mbili kamati itakaa kuamua kama liwe la kudumu, na Bwana Kefa, yule aliyecheka, ndiye atakayesoma taarifa.

Lakini ameniuliza swali. Vijiji vingine vinapata lori mbili kwa mwezi, mbili na nusu. Wanalalamika kwamba miti iliyojifia imekwisha, inabidi waende mbali. Kambi Tisa mwezi wa saba mlitoa lori tisa. Amesema, "Yunisi, huko kuna ugonjwa wa miti au kuna nini?" Nilimwambia labda ni pori lenu kubwa.

Kuna ugonjwa, babu? Na lile koti lilitoka wapi?

Yunisi


Kambi Tisa
25 Septemba 1994

Mjukuu,

Marahaba. Dawa ya kuchua imefika, bibi yako anajichua mwenyewe. Amehamishia mkeka wake upande wa jikoni. Anasema ni kwa sababu ya joto. Ng'ombe mwekundu alipotea siku mbili tukampata Kitaraka. Katekista amerudisha jembe bila mpini.

Miti inakufa, Yunisi. Hata watu wanakufa na hakuna anayeandika barua kuuliza kwa nini wa Kambi Tisa wamezidi. Pori letu ni la zamani, lina wazee wengi. Mwambie bwana misitu wako kama anatafuta ugonjwa aanze na vijiji vinavyotoa lori mbili, huenda ni uvivu, nao unaambukiza.

Koti ni koti tu. Mitumba imejaa nchi nzima.

Nasikia mnataka kuja kututembelea. Msije sasa. Daraja la mto si zuri, na bibi yako hawezi kupika na goti lile. Njooni baada ya mvua, pori likiwa limependeza.

Urbano


Singida Mjini
12 Novemba 1994

Mzee Urbano,

Shikamoo. Natumaini bibi anaendelea vizuri.

Jumanne ya tarehe nane nilikuwa Kambi Tisa na Bwana Kefa na dereva. Daraja ni zima. Tulipita mbele ya nyumba yenu saa nne asubuhi. Bibi alikuwa anapepeta uani, amenipa mgongo. Sikushuka. Sijawahi katika maisha yangu kupita mlango ule bila kuingia kusalimia, na najua itasemwa. Sikuweza.

Tulikwenda upande wa magharibi tukifuata reli. Kila mti ulikuwa umeanza kuvaa majani mapya, yale mekundu ya kabla ya mvua. Katikati yake kulikuwa na miti isiyo na hata jani moja, mingi, kama watu waliosimama uchi msibani. Bwana Kefa alishuka akainama penye shina. Miti yote imechunwa gome pande zote, kimo cha goti. Mingine shinani imewashiwa moto wa kinyesi cha ng'ombe ili ife upesi. Ilipokauka ikakatwa, ikaletwa kwenye meza yako. Ikagongwa ikalia kama mlango. Ukasaini.

Bwana Kefa aliniuliza, "Hii kazi anaijua nani huku?" Nikasema sijui.

Nilikuwa najua. Mikato miwili ya panga, upana wa kiganja katikati, halafu unachuna kutoka kulia kwenda kushoto. Nilikuwa na miaka tisa tulipofyeka shamba la baba, na wewe ndiye uliyenishika mkono kunionyesha. Ulisema mti mkubwa hauupigi vita, unauvisha mkanda tu na kuuacha ujifie. Hilo ndilo jambo jingine lisiloonekana kwenye lori. Mkanda unabaki kwenye kisiki, porini.

Kamati inakaa tarehe kumi na nne Desemba. Watalifuta sharti. Wana haki. Zamani mti ulikatwa kwa shoka, kisiki kikachipua. Uliochunwa gome, Bwana Kefa anasema, wengi hufa mpaka mizizi. Kwa miezi minane sharti langu limeua pori kuliko kama nisingeandika kitu, nalo limeua kwa karatasi halali.

Sitauliza kwa nini.

Yunisi Festo
Afisa Ugavi


Kambi Tisa
26 Novemba 1994

Mwanangu Yunisi,

Marahaba. Bibi yako alikuona. Alikuwa amekupa mgongo, lakini lilipopita gari alisema, "Huyo ni Yunisi, na ameona." Kisha akaendelea kupepeta. Hajanisemesha tangu siku ile isipokuwa kwa mambo ya chumvi na maji.

Umesema hutauliza. Mimi nitasema, ila niache niseme vibaya, kwa sababu mambo haya sijawahi kuyaandika na mkono hauyajui.

Uliponiuliza ile mara ya kwanza, lile la mkanda lilinijia la kwanza kabla ya yote. Nikaliacha. Haikuwa kwa hila. Lilikuwa kama kitendawili. Nikasema, wasomi hawa wameniuliza, ngoja nibaki na kimoja mfukoni nione kama watakiona. Nilitaka uje siku moja uniinulie mikono useme babu, nimeshindwa, nakupa mji. Basi. Kwa mchezo wa mtu mzima asiye na meno.

Halafu siku ya Pasaka tulikuwa kilabuni, Gasto yupo, wanalalamika sharti lako ni gumu, miti iliyojifia haitoshi. Wananiuliza mimi, mkaguzi. Nilikuwa nimekunywa lakini sikuwa nimelewa, nisijisingizie pombe. Nikasema, "Serikali ikitangaza inanunua maiti, mnakaa mkilalamika kwamba hakuna msiba? Mti nao haujui kufa peke yake, mfundisheni." Nikachukua kijiti nikachora mkanda kwenye mavi ya ng'ombe pale chini. Kilabu kizima kilicheka. Simoni mwenyekiti alicheka mpaka akamwaga pombe yake. Miaka mingi sijachekewa hivyo, Yunisi. Watu wananisikiliza kwa heshima siku hizi, na heshima ni kitu kikavu.

Gasto hakucheka. Alitazama kile kijiti. Baada ya wiki mbili alileta koti, akasema mzee, baridi inakuja. Hakusema zaidi, na mimi sikuuliza. Nililivaa nikijua. Mti wa kwanza wenye mkanda ulipofika mezani kwangu niliujua kabla sijaugonga, maana kuni iliyouawa inakauka kutoka chini kwenda juu, na iliyojifia inaanza matawini. Niliugonga hata hivyo. Watu walikuwa wanatazama. Nikasaini.

Nilipoandika kwamba wewe uliniuliza na serikali nyingine haziniulizi, nilikuwa najivuna. Sasa naona kwa nini haziniulizi.

Koti lipo kwenye kigingi. Bibi yako halioni, analipita kama mbwa wa jirani.

Sasa jambo la kazi, kama bado unalitaka kutoka kwangu. Sharti lako halikuwa baya, lilikuwa limeelekea upande usio wake. Msinunue maiti. Mkinunua maiti mtu atawaulia, leo huyu kesho mwingine. Nunueni nywele. Mti ulio hai upogolewe matawi, wenye shamba wanajua, na visiki vya zamani vinatoa machipukizi kumi, saba yakakatwa matatu yakaachwa, baada ya miaka mitatu yako mengine. Kuni zake ni nyembamba lakini zikianikwa msimu mmoja zinawaka. Na mkaguzi asikae mezani. Kila lori aende porini auone mti ambao kuni zimetoka, ausimamie, auone una majani. Mtu hawezi kudanganya kwa mti ulio hai. Utauambiaje uendelee kuishi?

Wasomee kamati hayo. Waambie yametoka kwa mzee mmoja. Jina si lazima.

Urbano


Singida Mjini
4 Desemba 1994

Babu,

Shikamoo. Nimeisoma mara nyingi.

Siwezi kuwasomea. Nikisoma mimi, watasema afisa ugavi ameharibu na sasa anatunga lingine. Na hilo la jina si lazima, babu, jina ndilo lililotufikisha hapa. Mimi nilificha kuwa wewe ni babu yangu. Wewe ulificha mkanda. Kila mmoja alinyamazia chake, na pori likawa katikati.

Jumatatu nilimwambia Bwana Kefa sisi ni nani. Akasema, "Ndiyo maana ulisema hujui." Atalieleza kwenye kamati, na huenda nikahamishwa au zaidi. Hilo ni langu.

Kamati inaanza saa tatu, tarehe kumi na nne. Njoo uyaseme kwa mdomo wako, kwa jina lako. Ukija, utalala kwangu. Usipokuja nitaelewa, lakini sitaandika tena kwa muda.

Yunisi


Kambi Tisa
22 Januari 1995

Mwanangu Yunisi,

Ninyi hamjambo? Sisi tupo. Mvua ni nzuri mwaka huu, kila mahali, hata kwangu. Bibi yako anakusalimu na anasema goti limepona kwa dawa yako, wala si kwa maombi ya katekista. Amerudisha mkeka. Sikumwuliza sababu na nakuomba na wewe usimwulize.

Nilipolala kwako zile siku mbili hatukuzungumza, na ulipika wali kwa nyama nikashindwa kula mbele yako. Nilikula ulipotoka. Nilitaka ujue kwamba kushindwa kwangu hakukuwa kwa sababu ya chumvi.

Kuhusu kamati, ulikuwepo, ila ulikaa ukitazama meza, kwa hiyo hukuona nyuso. Niliposema habari ya kilabu na kijiti, yule diwani mwenye tumbo alianza kucheka, na wawili wakafuata. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kuongeza utani mwingine. Utani ulikuwa tayari ulimini, mzuri sana. Halafu nikamwona Bwana Kefa hacheki, ameshika kalamu anasubiri niendelee. Nikaumeza. Ulinikwama hapa kooni mpaka Manyoni. Niliwaambia, "Mimi ndiye niliyefundisha na mimi ndiye niliyesaini," na chumba kikawa kimya, na ndipo nilipojua uzee wangu wote nimekuwa nikikimbia kimya cha namna ile.

Simoni ametusomea barua ya kamati kwenye mkutano wa kijiji. Sharti limebaki, kwa maneno ya nywele na ya mkaguzi kwenda porini, mwaka mmoja mwingine wa kujaribu. Gasto kafutwa kwenye zabuni. Kambi Tisa hairuhusiwi kuuza kuni kwa serikali mpaka mwaka ujao. Hapo watu waligeuka wakanitazama. Kuna wajane wanne waliokuwa wanapata chochote kwa kukusanya kuni za kweli, zilizojifia kweli, nao wamefungiwa pamoja na mimi. Mmoja, Yustina, alisimama akasema, "Mzee Urbano, mimi sikuwepo kilabuni." Akakaa. Nimemkatia machipukizi ya shamba langu mwenyewe apikie, anayachukua, hanishukuru, na ni sawa.

Wewe umebaki kazini na onyo kwenye faili. Baba yako ndiye aliyeniambia, wewe hukusema. Onyo lile ningelibeba mimi kama faili zingekuwa zinabebwa.

Ila nisichanganye mambo. Nilichotaka kukuandikia ni kuhusu zile fomu. Bwana Kefa alinipa karatasi ishirini za kuorodhesha kila mti wenye mkanda, uliokatwa na uliosimama bado, aina yake, unene, na mahali. Kila asubuhi nakwenda. Nimeanzia kwenye nyumba ya zamani ya genge la wafanyakazi wa reli naelekea magharibi. Mlama, myombo, mlama, mninga. Kuna mninga mmoja nilikuwa naufahamu tangu nilipokuwa nakata kuni za reli, wakati ule niliuacha kwa sababu ulikuwa mzuri. Nimeuandika, mstari wa mia na kumi na tatu.

Fomu ina nafasi ya mwisho imeandikwa Chanzo cha Kufa. Bwana Kefa alisema nikishaandika kwenye mstari wa kwanza, iliyobaki niweke alama mbili tu za kama hapo juu, nisichoke. Nilijaribu ukurasa wa kwanza. Zile alama ni ndogo sana, mtu anaweza kuzipita asizione. Kwa hiyo nimerudi mwanzo naandika jina langu lote, kila mti, Urbano wa Kambi Tisa, pasipo mkia.

Inanichukua muda. Karatasi zimekwisha na bado sijavuka reli. Nitumie nyingine.

Babu yako,
Urbano